Jengo la shule ya chata Minnesota: kanisa, shule kuukuu, ghala au kiwanja kitupu?

Mzee mmoja wa kamati yetu alinipigia saa nne usiku, nikamwamkia shikamoo mzee, akaitikia marahaba harakaharaka kama mtu mwenye kitu kinamwasha mdomoni, akasema jengo limepatikana. Kanisa. Kodi bei ya kutupa, vyumba sita vya madarasa ya Jumapili viko tayari mpaka vile viti vidogo vya watoto, mchungaji mwenyewe mtu poa hana makuu, kesho tukasaini. Nikamwambia mzee wangu, tusisaini kwanza. Alinuna wiki nzima.

Naandika hii kwa sababu vikundi vya wazazi waswahili hapa Minnesota wakitaka kufungua shule ya chata, yaani shule ya umma inayoendeshwa kwa mkataba na shirika lisilo la faida, wanaanzia palepale alipoanzia mzee, yaani kwenye kodi. Wanatafuta jengo la bei rahisi halafu vibali ndo wanauliza baadaye, wakishasaini. Mimi nimekaa kwenye kamati ya waanzilishi, nimekaa kwenye vikao vya mji mpaka saa tano usiku nasikiliza watu wanagombania uzio wa mbwa kabla ya zamu yetu kufika, na nilichoondoka nacho ni hiki: jengo rahisi ni lile ambalo mara ya mwisho kisheria lilitumika kama shule. Mengine yote ile nafuu ya kodi utailipa tu, ila utamlipa fundi na utaulipa mji badala ya mwenye jengo.

Kabla hatujaanza kulinganisha tutenganishe vitu viwili maana watu wanavichanganya sana. Chata ni mkataba. Minnesota ndo jimbo la kwanza Marekani kupitisha sheria ya shule hizi, 1991, na City Academy ya St. Paul ikafungua 1992, kwa hiyo mfumo wenyewe umeshakomaa: mnaunda shirika lisilo la faida, mnapata mlezi ambaye hapa wanamwita otoraiza, otoraiza akikubali ombi lenu anapeleka kwa kamishna wa elimu wa jimbo, kamishna akipitisha mna chata. Hongereni, mmekuwa shule ya umma kwenye makaratasi. Lakini hakuna hata karatasi moja kati ya hizo inayoruhusu mtoto kukanyaga darasani. Mlango unafunguliwa na cheti cha matumizi ya jengo, na nyuma ya hicho cheti kuna zoni, yaani kanuni za mji za eneo gani lifanyiwe kitu gani, kuna ujenzi, zimamoto, jikoni, asbestosi (zile nyuzi za ujenzi wa zamani zinazodhuru mapafu), maji taka, na kila mmoja ana ofisi yake na hawasomeani faili. Kwa mtu aliyezoea Tanzania, ambako bwana afya na wathibiti ubora wanakuja kukagua madarasa na vyoo ndo wizara isajili shule, hapa inavuruga kichwa kwa sababu wizara imeshakukubali na bado mji unaweza kukwambia hapana.

Basi tuchukue shule ya mfano, watoto 150 wa chekechea mpaka darasa la sita. Hesabu ya kodi ndo inayoamua mengi kwa hiyo nianze nayo. Jimbo linalipa ruzuku ya pango, asilimia 90 ya kodi iliyokubaliwa au dola 1,314 kwa kila yuniti ya mwanafunzi, ile iliyo ndogo. Mtoto wa chekechea mpaka la sita ni yuniti moja, wa la saba kwenda juu ni 1.2. Kwa watoto 150 hao dari ni dola 197,100, maana yake kodi ya mpaka dola 219,000 kwa mwaka jimbo linakubebea asilimia 90 yake. Sasa angalia vizuri hapo. Kodi ya kanisa ikiwa dola 90,000 na ya shule kuukuu dola 180,000, nyie mnachotoa mfukoni ni 9,000 kwa 18,000. Tofauti ni dola 9,000 tu. Mzee alikuwa anaona anaokoa 90,000 kumbe anaokoa bei ya gari kuukuu. Na gharama za kugeuza jengo liwe shule huwezi kuzibeba zote kwenye ruzuku ya pango kirahisi hivyo, nyingi zinakuangukia mwaka ule wa kwanza ambao ndo hamna hela kabisa.

Tuje kwenye kanisa

Kanisa linavutia kwa sababu linafanana na shule. Lina vyumba, lina vyoo vingi, lina parkingi kubwa inayokaa tupu Jumatatu mpaka Ijumaa, lina ukumbi, wakati mwingine lina jiko la maana. Tatizo linaanza na sheria ya chata yenyewe kabla hata hujafika mjini. Minnesota inasema shule ya chata inaweza kupanga kwa taasisi ya dini kama tu sehemu inayopangishwa ilijengwa iwe shule. Soma tena hilo. Ilijengwa iwe shule, sio inatumika Jumapili kufundishia watoto. Vyumba vile sita vya mzee vilijengwa kama vyumba vya kanisa, ruzuku ya pango hupati hapo. Na kuna kamtego kengine pembeni, anayekupangisha lazima awe ndo mwenye jengo, kwa hiyo ile ya rafiki yangu kapanga jengo zima atatukatia ghorofa moja nayo imekufa.

Halafu kuna kanuni za ujenzi. Vitabu vya ujenzi vinayaweka majengo kwenye makundi ya herufi. Shule ya watoto mpaka darasa la 12, wakiwa watu sita au zaidi kwa wakati mmoja, ni kundi E. Kanisa ni A-3, na vile vyumba vya masomo ya dini vilivyo ndani ya kanisa kama kila kimoja kinabeba chini ya watu 100 vinahesabiwa A-3 hivyohivyo pamoja na kanisa. Ndo maana miaka yote watoto wamesoma mle Jumapili na hakuna aliyewasumbua. Siku mkiingia nyie Jumatatu hadi Ijumaa, jengo linahama kutoka A-3 kwenda E, na kuhama kundi maana yake cheti kipya, na cheti kipya maana yake inspekta anakuja na macho mapya.

Jamaa wengine wanasema kanisa lina ulinzi wa sheria ya shirikisho kwenye mambo ya zoni kwa hiyo na sisi tutajificha humo. Haipo hiyo. Ulinzi ule ni wa ibada. Shule ya chata ni shule ya umma isiyo na dini, mkiingia kwenye jengo la kanisa mnaingia kama wapangaji wa kawaida na mnaomba kibali chenu wenyewe.

Kanisa nalipa alama nzuri kwenye mambo mawili tu. Maji taka, nitaeleza mbele, na majirani. Watu wa mtaa wameshazoea magari kujaa pale, hawapigi kelele sana.

Shule kuukuu

Hii ndo ninayoipigia debe. Twin Cities, yaani Minneapolis na St. Paul, na miji ya pembeni zipo shule za parokia zilizofungwa kwa kukosa watoto, zipo na za wilaya ya shule, ile mamlaka ya shule za umma za eneo, ambazo wilaya imezipunguza. Jengo kama hilo limeshakuwa E, korido pana, milango inafungukia nje, madarasa yana madirisha, zoni mara nyingi inaruhusu shule au ina kibali cha zamani ambacho bado kipo hai. Na ile sharti ya ilijengwa iwe shule, shule ya parokia inalipita bila jasho hata kama mwenye nyumba ni kanisa.

Ila usidhani ni mteremko. Majengo haya mengi ni ya miaka ya hamsini na sitini na asbestosi imelala kwenye vigae vya sakafu, kwenye mabomba ya boila, kwenye gundi. Sheria ya shirikisho ya AHERA, ya 1986, inazihusu shule za umma za chata pia: kabla jengo halijaanza kutumika kama shule linakaguliwa na mkaguzi mwenye leseni, linaandikiwa mpango wa kuisimamia asbestosi, halafu linaangaliwa kila miezi sita na kukaguliwa upya kila miaka mitatu. Sio lazima uing'oe. Ikiwa nzima na haijabomoka unaiacha ilale, unaandika iko wapi, fundi asije akaitoboa. Watu wanaliogopa neno asbestosi wanakimbia jengo zuri, wakati mpango wa usimamizi ni rahisi sana ukilinganisha na kujenga. Jengo jipya lililojengwa baada ya tarehe 12 Oktoba 1988 linaweza kuepuka ukaguzi huo akitekti akisaini kwamba haikutumika, kwa hiyo hapa ghala la kisasa linalipiga bao shule kuukuu. Hapa na kwenye foleni ya magari tu lakini.

Kingine ni madini ya risasi kwenye maji ya kunywa, Minnesota inataka shule zote za umma na chata zikiwemo zipime walau kila miaka mitano, na mabomba ya zamani yanajulikana tabia zake. Kingine ngazi. Jengo la 1958 halikumfikiria mtoto wa kiti cha magurudumu, na shule ya umma haiwezi kumwambia mzazi mwanao atasoma chini wenzake wako juu. Uliza lifti mapema, lifti ni moja ya vitu vinavyoua bajeti kimyakimya.

Na kabla hujalipenda jengo la wilaya muombe mwanasheria aangalie hati ya ardhi. Kuna wilaya Marekani, Detroit na St. Louis zimewahi kuwa kwenye habari kwa hili, ziliuza majengo na kuandika kwenye hati kwamba lisitumike kushindana nazo kama shule. Inauma lakini ni bora uijue mapema.

Ghala, ofisi, duka lililofungwa

Hapa ndo vikundi vingi vinapotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Majengo haya ni mengi, mwenye jengo amekaa nalo tupu muda mrefu, anakupa miezi ya bure, anakubembeleza. Bei kwa futi ya mraba inaonekana tamu. Sasa anza kuhesabu vibali. Zoni ya viwanda vyepesi au ya biashara, sehemu nyingi shule hairuhusiwi moja kwa moja, unaomba kibali cha masharti, na pengine mji hauna kabisa neno shule kwenye orodha ya zoni ile, hapo unaomba wabadilishe sheria ndogo yao kwanza ndo uombe kibali. Hizo ni ngazi mbili tofauti.

Kundi linabadilika kutoka ofisi B, au duka M, au stoo S, kuja E. Kiwango cha Minnesota cha 2020 kimejengwa juu ya kitabu cha IBC, kile cha kanuni za ujenzi, cha 2018 na marekebisho ya jimbo, na kwenye IBC hiyo E inataka sprinkla, yale mabomba ya dari yanayomwaga maji moto ukiwaka, eneo moja lisilogawanywa na ukuta wa kuzuia moto likizidi futi za mraba 12,000, au likibeba watu 300 na kuendelea, au watoto wakisomea ghorofa isiyo ya usawa wa mlango wa kutokea nje. Ghala ulilopewa ofa ni futi 14,000. Umeona? Ukilikata kwa ukuta wa kuzuia moto unaweza kukwepa, ila ukuta wenyewe nao una bei. Alamu ya moto ya shule nayo kwenye IBC inatakiwa itoe sauti ya maelekezo, sio kengele tupu, ikishakuwa shule ya ukubwa wetu. Muulize mwenye jengo swali moja, sprinkla ipo na bomba la maji linaloingia ni la ukubwa gani. Akibabaika, jibu umepata.

Hesabu ya watu ni futi za mraba 20 kwa kila mtu darasani. Darasa la futi 25 kwa 32 ni 800, gawa kwa 20 ni watu 40, mlango mmoja unatosha. Akitekti akikuchorea darasa la kisasa la futi 1,000 umefika watu 50, hapo unahitaji milango miwili, ifungukie nje, yenye ile fimbo ya kusukuma. Kwenye ghala ambalo lina kuta nne za bloku na milango miwili ya malori, kila mlango mpya ni kutoboa ukuta, kumwaga zege nje, na kumlipa mtu wa kusafisha theluji pale kila asubuhi ya Januari, maana mlango wa dharura uliozibwa na theluji sio mlango. Nilicheka siku inspekta anaongea hilo, baadaye nikaona ni kweli tupu.

Halafu maji taka. Eneo la Twin Cities, Met Council, ile mamlaka ya kanda nzima, inatoza ada ya kuunganishwa na mfumo wa maji taka, inaitwa SAC, inahesabiwa kwa yuniti, yuniti moja ni galoni 274 kwa siku, na kwa miaka kadhaa ilikaa dola 2,485 kwa yuniti, halafu mji unaweza kuongeza ya kwake juu. Jengo linabeba salio la matumizi yake ya zamani. Shule kuukuu lina salio la shule. Kanisa lina salio kiasi. Ghala lilikuwa na wafanyakazi wanane na choo kimoja, salio lake ni la hivyohivyo, nyie mnaleta watoto 150 wanaokwenda chooni wote saa nne na nusu. Tofauti mnailipa nyie, na mara nyingi mnaambiwa siku mnakwenda kuchukua kibali cha ujenzi, hela za fanicha ndo zinaishia hapo. Agiza tathmini ya SAC kabla ya kusaini, ni karatasi tu.

Foleni ya magari sasa. Mji utataka kujua magari yatakaa wapi saa mbili asubuhi. Sisi tulipiga hivi: watoto 150, wengi wa familia moja wanakuja pamoja, tuseme magari 80, nusu yanafika kwa mpigo, 40, kila gari na nafasi yake futi 22, hiyo ni futi 880 za foleni ndani ya kiwanja bila kumwagika barabarani. Ghala lina uwanja wa malori kwa hiyo hapo linashinda, nalikubali. Shule kuukuu ya mtaani ilijengwa enzi za watoto kutembea kwa miguu, parkingi kama leso, na hapo ndo majirani wanakuja na picha za simu kwenye kikao. Mabasi ya njano yanapunguza hiyo shida sana kwa hiyo ukienda kikaoni nenda na mpango wa mabasi mkononi.

Jambo moja la Minnesota ambalo hata makontrakta wengine hawalijui. Mradi wa ujenzi wa shule ya chata ukifika dola 100,000 unahesabiwa jengo la umma, na michoro inakaguliwa na jimbo, Idara ya Kazi na Viwanda, isipokuwa kama mji wenu umekasimiwa kazi hiyo. Kontrakta wenu aliyezoea kupeleka michoro kaunta ya mji anaweza kupoteza mwezi mzima kwenye ofisi ambayo siyo. Kanisa na shule kuukuu mnaweza kubaki chini ya laki moja mkijibana. Ghala, sahau.

Kiwanja kitupu

Fupi tu. Shule mpya inayoanza isiote hii. Pesa za jimbo hazinunui ardhi wala jengo, na ile njia ya kuunda kampuni tanzu ya kumiliki jengo inataka shule iwe imefanya kazi miaka sita mfululizo na salio zuri kwenye vitabu. Labda tajiri ajenge awapangishe. Hata hapo kuna kibali cha maji ya mvua kwa eneo la ekari moja na kuendelea, kuna wilaya ya vyanzo vya maji na masharti yake, msingi unashuka inchi 42 huku Twin Cities na 60 kaskazini kwa ajili ya ardhi kuganda, na msimu wa kuchimba ni mfupi. Mabanda ya kuhamishika nayo yanaingia kwenye ukaguzi uleule, sio njia ya mkato kama watu wanavyodhani.

Kibali cha masharti au cha muda?

Hii haihusu aina ya jengo ila nimeona watu wakilizwa nayo. Mji unaweza kukupa kibali cha masharti, ambacho kinakaa na ardhi maadamu masharti yanafuatwa, hata mwenye jengo akibadilika. Au unaweza kukupa kibali cha muda, ambacho kina tarehe ya kufa au tukio la kukiua. Kwa ghala hasa miji inapenda cha muda, wanaona sawa tuwape hawa miaka mitano, kiwanda kikirudi tutaona. Afisa mipango mmoja alituuzia hicho kwa tabasamu zuri kabisa, anasema ni rahisi zaidi kupita. Ni kweli ni rahisi kupita. Ila unaweka sprinkla ya pesa nyingi kwenye jengo ambalo haki yako ya kukaa inaisha mwaka wa tano, halafu otoraiza anakuuliza mpango wa miaka kumi. Kama jengo ni ghala na wanachotoa ni cha muda tu, mimi naondoka hapo.

Kuhusu muda wenyewe Minnesota imetuwekea kitu kizuri. Ombi la zoni likishawasilishwa kamili kwa maandishi mji una siku 60 kulijibu, unaweza kuongeza 60 nyingine ukikuandikia sababu kabla hazijaisha, na ukikaa kimya ombi linahesabika limepita. Kikao cha wazi kinatangazwa siku 10 kabla na barua zinakwenda kwa wenye nyumba ndani ya futi 350. Kwa hiyo mwombe karani ile listi ya anwani, nendeni nyie wenyewe mkagonge milango wiki moja kabla, na sambusa ikibidi. Siku 60 hizo hazihusu kibali cha ujenzi lakini, huko hakuna saa inayokimbia kwa niaba yako.

Jikoni natupia tu: hata kama chakula kinaletwa na mgahawa wa nje mtahitaji leseni ya chakula, ya idara ya afya ya jimbo au ya kaunti ama jiji lenye mamlaka hayo, na sinki la mikono peke yake. Kanisa na shule kuukuu huwa zinalo. Ghala halina. Na zimamoto ya jimbo inazikagua shule za umma walau kila miaka mitatu, kwa hiyo uhusiano na yule afande uanze vizuri.

Kwa ndugu walio majimbo mengine, msibebe haya yangu mzimamzima. Florida ni kinyume kabisa na kwetu kwenye kanisa, kule sheria inaruhusu kanisa, maktaba, makumbusho, ukumbi wa sinema na kadhalika kuipa shule ya chata nafasi chini ya zoni yao ileile ya zamani bila kuomba kibali maalumu, kwa hiyo mzee wangu angekuwa Orlando angekuwa shujaa. Arizona, wako wengi wakongomani Phoenix wananiuliza, chata inahesabiwa sawa na wilaya ya shule kwenye zoni na ada zake, ila usifungue kwenye nyumba ya familia moja iliyo kwenye kiwanja chini ya ekari moja. Texas tangu sheria ya 2023 miji inatakiwa iitendee chata kama inavyoitendea wilaya. California wao wana mambo ya tetemeko na kanuni za jengo la shule zina historia tangu 1933, lakini wilaya kule inaweza kulazimika kuwapa nafasi mkiwa na watoto 80 wa wilaya hiyo, kwa hiyo muulize wilaya kwanza kabla ya dalali.

Kwa hapa kwetu chaguo langu liko hivi. Mkiwa chini ya watoto 200 na mwaka wa kwanza, shule kuukuu hata kodi ikiwa mara mbili, mradi lifti ipo au jengo ni la ghorofa moja. Mkikosa, ofisi yenye sprinkla tayari kwenye zoni inayoruhusu shule, na kibali cha masharti sio cha muda, na SAC mmeipima. Ghala tupu la bloku liwe kwa shule yenye mwekezaji wa kueleweka. Kanisa la ibada tupu, huku Minnesota, hapana.

Na kwenye mkataba wa pango wowote ule andikeni kwamba unaanza kuwabana siku cheti cha matumizi ya jengo la kundi E kinapotoka, sio siku ya kusaini. Mwenye jengo mmoja alikataa tukaondoka, miezi minne baadaye jengo lilikuwa bado tupu akatupigia mwenyewe. Tulikuwa tumeshapata pengine.

Tulipata shule ya parokia iliyofungwa, ghorofa moja, boila lake linanguruma kama trekta, vigae vya asbestosi kwenye korido ambavyo tumeviandikia mpango wake na tunavipigia nta kwa adabu. Anayetupangisha ni kanisa. Mzee alikuja siku ya funguo, akasimama getini anaangalia msalaba kwenye jengo la pili, akaniambia si nilikwambia tuchukue kanisa.